Kwenda Kaitaba kutafuta sare

Juni 2019

Siku ya kwanza: Mwaloni, Kirumba

Leo nimefunga hesabu mapema. Magunia sita ya dagaa nimemwachia mwenzangu wa kizimba cha pili, nikamwelekeza nani analipa taslimu na nani ana deni la wiki iliyopita. Hakuniuliza naenda wapi. Hapa Mwaloni kila mtu anajua kwamba tangu ile mechi ya bila kwa bila kwenye uwanja wetu wa Nyamagana sina akili ya biashara.

Niieleze hiyo bila kwa bila, maana safari yote hii imetoka humo. Pamba, timu yetu, imemaliza ya pili kwenye kundi lake la Daraja la Kwanza. Namungo na Polisi Tanzania waliongoza makundi yao, wakapanda moja kwa moja. Sisi tukaangukia mtoano wa kuwania Ligi Kuu, na tumepewa Kagera Sugar waliomaliza pabaya Ligi Kuu. Mechi mbili, nyumbani na ugenini. Ya nyumbani imekwisha, nyavu hazikutikisika upande wowote. Bado ya uwanja wa Kaitaba, Bukoba.

Siku ile tulitoka Nyamagana vichwa chini. Tulijaa, tukaimba hadi makoo yakakauka, na bao halikuja. Nilipofika nyumbani Kitangiri ndipo Baba mdogo alipopiga simu. Hakunisalimu hata.

"Wewe unalia nini? Hatukufungwa."

"Hatukufunga pia, Baba."

"Sikiliza. Suluhu na sare si kitu kimoja."

Nililala nikilifikiria hilo neno. Anayetazama mpira kwa kupita njia huyachanganya maneno haya mawili, lakini sisi tuliokulia uwanjani tunayatenganisha kama sato na sangara. Suluhu ni bila kwa bila. Sare ni wote mmepata, moja kwa moja, mbili kwa mbili. Na bao la ugenini lina uzito wake: Kaitaba ikiisha sare ya aina yoyote, Pamba imepanda. Ikiisha suluhu, tunakwenda kwenye matuta, yaani penalti. Tukifunga moja tu, Kagera wanatakiwa wafunge mawili. Kwa hiyo ile suluhu ya nyumbani iliyotuuma imetuachia mlango wazi, kwa sababu wao nao hawakuondoka na bao la kwetu.

Nimekaa na hesabu hiyo siku zote hizi. Nikipima dagaa naihesabu. Nikikoroga uji naihesabu.

Jioni nimechemsha mayai, nimefunga michembe kwenye mfuko wa kitambaa, na karanga kidogo. Kosta yetu inaondoka Nyegezi alfajiri. Tuko 29, wanawake wanne.

Siku ya pili: barabarani

Baba mdogo alifika Nyegezi kabla ya dereva. Ana miaka 66, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kilipofungwa, na amevaa koti zito kana kwamba tunakwenda Makete. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu. Nikaitikia, nikampokea mfuko wake. Ndani mlikuwa na redio ndogo, shati la kubadilisha na betri nane za akiba. Nikajua naye hakulala.

Watu huniuliza kwa nini Pamba. Mwanza ina Mbao na Alliance, zote ziko Ligi Kuu msimu huu, ningeweza kukaa uwanja wa Kirumba nikaona Simba na Yanga bila kusafiri popote. Jibu langu ni refu kuliko subira ya watu, lakini kwenye kosta kuna nafasi. Zao la pamba ndilo lililojenga nyumba za babu zetu huku Usukumani. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye kile kiwanda. Timu ikaitwa Pamba, na iliposhinda, aliyeshinda alikuwa mtu wa kijijini aliyebeba mzigo kichwani mpaka gulioni. Mimi nilikuwa mtoto iliposhuka mwaka 2001. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, sijaiona Ligi Kuu hata siku moja. Miaka 18 nimeipenda timu kwa masimulizi ya wengine.

Na masimulizi ninayo. Ubingwa wa Tanzania wa mwaka 1990. Mwaka huohuo, kwenye Kombe la Washindi Afrika, Anse-aux-Pins ya Shelisheli walifungwa na Pamba jumla ya mabao 17 kwa 1, mechi mojawapo ikiisha 12 kwa 1. Baba mdogo anaitaja hiyo 12 polepole, kama mtu anayehesabu fedha mbele ya mashahidi. Kisha majina: George Masatu, Hussein Masha, Fumo Felician, Khalfan Ngassa. Vijana wa siku hizi wanamjua Mrisho Ngassa. Ukiwaambia baba yake ndiye aliyekuwa wetu, wanashangaa. Mrisho mwenyewe, kabla ya Yanga, alipita Kagera Sugar. Mpira wa kanda hii ni ukoo mmoja, ukimvuta huyu unamkuta yule.

Kigongo tulifika jua limeshatoka. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, tukashuka wote kama kawaida, gari likapanga mstari, sisi tukaingia kwa miguu. Kivuko kilipong'oa nanga kuelekea Busisi, vijana wakaanza kupiga ngoma na kuimba "TP Lindanda", jina la utani la Pamba, na abiria waliokuwa na matenga ya kuku wakaimba nao bila kujua tunakwenda wapi. Nilifurahi mno.

Baba mdogo hakuimba. Alishika chuma cha pembeni, akatazama maji. Zamani, kwenda Bukoba ilikuwa usiku mmoja wa meli. Unapanda Mwanza jioni, unaamkia Bukoba. Aliwahi kusafiri hivyo na mashabiki wenzake, wakilala kwenye sitaha na bendera wamejifunika. Mmoja wao alikuwa kwenye MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, akirudi Mwanza. Amezikwa Igoma na wenzake. Halafu Septemba mwaka jana MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara, Mwaloni tulifunga vizimba, maana hakukuwa na mtu asiyemjua mtu. Na MV Victoria imesimama tangu 2014. Ndiyo maana leo tunalizunguka hili ziwa kwa matairi.

Nilisimama karibu naye mpaka Busisi. Hatukusema kitu.

Sengerema tulipita bila kusimama. Geita tulisimama kununua maji, na hapo tukakutana na wenzetu. Geita Gold nao wako kwenye mtoano huuhuu, wao wamepewa Mwadui. Vijana wawili wenye jezi walitusogelea, wakauliza tunakwendaje, tukauliza wanajionaje. Mmoja akasema, "Usiku nikifumba macho naona penalti." Nikamshika mkono. Sikuwahi kumwona na huenda nisimwone tena, lakini alikuwa ameutaja ugonjwa wangu kwa jina.

Baada ya Katoro na Buseresere, tukiwa tumeshaielekea Chato, tairi la nyuma likapasuka. Saa nzima na nusu tulikaa chini ya mwembe. Nitaikumbuka saa hiyo kuliko kilomita zote, kwa sababu kila mtu alitoa hofu yake ikawekwa katikati kama chakula.

Mwenye duka la vipuri alianza. Kagera wamecheza mechi 38 msimu huu, sisi 22. Miguu yao imezoea moto. Na Aprili, hapohapo Kaitaba, walimfunga Simba 2-1, Simba bingwa, Simba aliyefika robo fainali ya Afrika. Kisha wakaenda Dar es Salaam wakamfunga tena. "Timu iliyomfunga Simba nje ndani, sisi tunaiendea na ngoma," akasema, na hakuna aliyecheka.

Fundi cherehani aliyetushonea bendera akajibu kwamba timu hiyohiyo imemaliza mahali pa kuchungulia shimo. Wangekuwa wa kutisha kila siku, wasingekutana nasi. Tena wana mzigo. Sisi tukifungwa tunabaki tulipo. Wao wakifungwa wanashuka. Mwenye mzigo kichwani hageuki haraka.

Mimi nilitoa langu. Nyasi. Nyamagana ni nyasi bandia, Kaitaba ni nyasi bandia. Vijana wetu hawatateleza, hawatashangaa mpira unavyodunda. Wangekwenda uwanja wa udongo wenye mashimo ningeogopa zaidi. Nilipolisema kwa sauti nikaona lina nguvu kuliko lilivyokuwa kichwani mwangu, na wengine wakatikisa vichwa.

Hofu yangu halisi sikuitoa. Naiandika hapa. Naogopa kwamba vijana watakwenda kulinda. Suluhu ya Nyamagana itawadanganya waone kuwa bila kwa bila si mbaya, matuta ni bahati, tusubiri. Watarudi nyuma, wataukaribisha mpira langoni dakika baada ya dakika, na bao la dakika za mwisho litatuua tukiwa tumekunja mikono. Nataka wafunge mapema. Nataka tufunge hata kama watarudisha, maana wakirudisha ndiyo sare yenyewe. Laiti ningepata dakika mbili na yule nahodha ningemwambia hilo tu.

Tairi likapona. Chato, kisha njia ndefu ya kuelekea Muleba. Huku mawe yetu yaliyopandana yanakwisha, vilima vinalainika, na migomba inaanza kuzifuata nyumba mpaka mlangoni. Tulipopita Kemondo giza lilikuwa limeshaingia. Bukoba tumefika saa tatu usiku. Dada yangu alikuwa amesimama stendi na mwanawe mgongoni, kalala.

Siku ya tatu: Hamugembe, Bukoba

Dada yangu aliolewa huku miaka kumi na miwili iliyopita. Shemeji ni mpole, na ni Kagera Sugar.

Asubuhi alitukaribisha rasmi, kwa heshima ya Baba mdogo. Akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akampa mzee kwanza, kwa mikono miwili. Akamwita "waitu". Baba mdogo akatia punje mdomoni, akatafuna, akasema ni chungu kama mechi ya ugenini. Shemeji akacheka hadi akakaa chini. Nikaona siku itapita salama.

Ndizi za mchana zilikuwa laini, na maharage, na sato tuliyemleta sisi aliyekaushwa. Tulipomaliza kula, Shemeji akasema jambo ambalo limenikaa rohoni mpaka sasa hivi ninapoandika.

"Shemeji, ninyi mkikosa, Mwanza mtabaki na Mbao na Alliance. Sisi tukishuka, mkoa mzima hauna timu Ligi Kuu. Nani atakuja Kaitaba? Simba haitakuja. Yanga haitakuja. Yule mama anayeuza chai pale getini, wale wa bodaboda, wenye nyumba za wageni, watamsubiri nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia habari za miaka 18, za kiwanda, za Igoma. Kila mtu ana lake. Baada ya tetemeko la Septemba 2016, nyumba yao ilipasuka ukuta wa jikoni, na dada alinieleza kipindi kile kwamba siku ya kwanza watu kucheka tena pamoja ilikuwa Kaitaba. Ninalojua ni kwamba kesho nitaomba Mungu jambo ambalo likitimia, mume wa dada yangu atarudi nyumbani amenyamaza, nami nitakula mezani kwake.

Ninaliomba hata hivyo. Sitajidanganya.

Alasiri tulikwenda kuuona uwanja. Uko chini mjini, upande wa ziwa. Upepo wa majini unaupata. Tulizunguka ukuta. Baba mdogo alitaka kujua upepo unavuma kutoka wapi na lango lipi liko upande upi, akasimama akilowesha kidole kama mvuvi. Mlinzi alituona na bendera yetu, akauliza, "Wana Kawekamo?" Ndivyo watu wa Pamba tunavyoitwa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Karibuni. Kesho mtalia." Alisema bila chuki, kama anayetabiri mvua.

Tukateremka mpaka ufukweni. Kutoka hapa unakiona kisiwa cha Musira. Ziwa ni lilelile langu la Mwaloni, lakini nyumbani nimezoea kuliona likiwa na mawe ndani yake. Hapa limekaa wazi. Mitumbwi ilikuwa inatoka kwenda kwenye dagaa na karabai zake. Nilihesabu taa mpaka kumi na moja, kisha nikaacha, kwa sababu nilijikuta naanza kuzipa maana: ikifika kumi na mbili tutashinda. Mtu akifika hapo inabidi akalale.

Usiku nimesikia Baba mdogo akizungumza peke yake chumba cha pili. Nilidhani anaomba. Nilipotega sikio, alikuwa anataja kikosi cha 1990, namba moja mpaka kumi na moja. Akikosea anarudia.

Siku ya nne: Kaitaba

Naandika nikiwa jukwaani, kwa simu, chaji nusu. Tumekuja mapema mno.

Asubuhi sikula. Dada alinilazimisha chai. Baba mdogo alikula vizuri, akavaa shati la akiba, akaacha koti. Shemeji alivaa jezi yake ya Kagera, akatoka nayo chumbani kwa haya kidogo, kama mtu anayevaa suti msibani kwa wakwe. Nikamwambia imempendeza. Ni kweli imempendeza.

Tulitembea pamoja mpaka getini. Njiani watu walimzomea kwa kutembea nasi, akawajibu kwa Kihaya, wakatupisha. Pale getini nilimwona yule mama wa chai aliyemsema. Ana meza moja, birika mbili, vikombe kama ishirini na maandazi kwenye ndoo ya plastiki. Nilinunua chai nisiyoihitaji.

Uwanja unajaa. Upande wetu tuko wachache, lakini kuna mabasi mawili zaidi yaliyofika usiku, na vijana waliolala stendi. Ngoma iko. Bendera ya yule fundi ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Ikishika upepo wa ziwa inavuta watu wanne.

Wachezaji wametoka kupasha misuli. Nimewatazama wetu nyuso. Ni wadogo. Hilo sikuliona Nyamagana, labda kwa sababu nilikuwa nyumbani. Wengi wao hawakuwa wameanza shule Pamba iliposhuka, na mmoja au wawili huenda hawakuwa wamezaliwa. Wanabeba kitu ambacho hawakukiona kama mimi nisivyokiona. Kipa amedaka mipira mitatu ya juu vizuri, wa nne ukamtoka. Nimeuona wa nne. Nimeamua kuandika pia ile mitatu.

Kagera wanapasha wakiwa wametulia. Kocha wao, Mecky Mexime, amesimama katikati, mikono nyuma, hasemi kitu. Nahodha wa zamani wa Taifa Stars. Mechi za namna hii amezicheza zikamwisha mwilini. Naogopa utulivu wake kuliko mashabiki wote hawa.

Mwana wa dada ana miaka minane. Alikataa kukaa na baba yake, akakataa pia kuvua jezi ya Kagera. Kwa hiyo amekaa kwetu, madoadoa mekundu ya andazi mdomoni, katikati ya bendera zetu, na hakuna anayemgusa. Baba yake yuko jukwaa la pili, tunamwona. Anapunga mkono kila baada ya muda kuhakikisha.

"Mama mdogo," ameniuliza sasa hivi, "mkifunga moja na sisi tukafunga moja, nani anafurahi?"

"Mimi."

"Na baba?"

"Baba hatafurahi."

Amefikiri. "Na kama hakuna aliyefunga?"

"Hapo tunapiga penalti. Hakuna anayejua."

"Basi nataka hiyo," amesema. "Ili baba asijue na wewe usijue."

Baba mdogo amesikia. Ametoa punje ya kahawa mfukoni, moja ya zile za jana, amempa mtoto, naye ameitafuna na kukunja uso. Mzee amebaki amesimama. Timu zinatoka. Bendera imeinuliwa, sioni uwanja vizuri, nambeba mtoto mabegani ili aone yeye.